Salamu ya Upande wa Kushoto

Hapa kwetu Likasi, watu wanaopendana hawasalimiani kwa mkono tu. Unasogeza kichwa, unagusanisha panja lako na la mwenzako: kulia, kushoto, kisha kulia tena. Mara tatu. Ukiacha moja, mwenzako atajua una neno naye. Nilisalimia hivyo tangu utotoni bila kufikiri, mpaka siku shavu langu la kushoto lilipowaka.

Nilikuwa ubaoni, nikifundisha darasa la nne hesabu za kugawanya. Ilikuwa kiangazi, wakati wa ule upepo wa baridi unaokuja na vumbi jekundu, na dirisha lilikuwa wazi. Upepo ukanigusa shavuni, na kitu kikapita ndani ya taya kutoka sikioni hadi mdomoni, kama umeme wa waya uliochubuka. Chaki ilianguka. Watoto walicheka, nami nikacheka nao, kwa sababu kilishapita. Nikajiambia: jino.

Kilirudi. Kilirudi nilipopiga mswaki, nilipotafuna ugali wetu wa bukari, nilipojipaka mafuta. Kila pigo lilidumu kufumba na kufumbua, kisha likaniacha nikingoja lingine. Kati ya pigo na pigo nilikuwa mzima kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Shavu halikuvimba, jeraha halikuwepo, homa sikuwa nayo. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Na mimi nina mdomo mkali, shuleni wote wananijua, kwa hiyo hata niliposema naumwa, watu walidhani nimenuna tu.

Kisha mume wa yaya akafa. Yaya ni dada yangu mkubwa. Mama yetu alipofariki nikiwa mdogo, ni yeye aliyenibeba mgongoni akienda kuchota maji, ni yeye aliyenisuka nywele mpaka siku nilipoolewa. Nilifika matangani kwake Kakontwe nikakuta uwanja umejaa, wanawake wameketi kwenye mikeka kumzunguka. Yaya akanyanyuka, macho mekundu, akanipa kichwa. Kulia tuligusana. Alipokuja kushoto, nilirudi nyuma. Sikuamua, mwili uliruka wenyewe, kama mkono unavyoukimbia mfuniko wa moto.

Mjane kwetu ana mzigo wa kutosha tayari. Hakosi mtu wa ukoo wa mume anayenong'ona kwamba mke ndiye aliyemmaliza. Anayemkwepa mjane mbele ya watu amekubaliana na mnong'ono huo, na siku ile aliyemkwepa nilikuwa mimi, mtoto wa mgongo wake.

"Unanikatala?" yaya aliniuliza mbele ya mikeka yote. "Unawaza asema njo minye niliua bwana yangu?"

"Hapana, yaya. Ni meno. Inaniuma sana."

"Meno gani?" Akanitazama usoni. "Buso yako iko muzuri."

Akaketi, akanigeuzia mgongo. Tangu hapo hakukanyaga kwangu. Mara mbili nilimwendea, mara mbili nikaambiwa hayupo, ingawa sufuria ilikuwa inachemka juu ya jiko la mbabula na makaa yalikuwa mapya. Nilirudi nyumbani nikilia barabarani, na machozi yenyewe yalipopita shavuni yaliniletea umeme.

Ndipo nilipoanza kutafuta tiba kwa hasira. Nilitaka kupona, ndiyo, lakini zaidi nilitaka mtu mwenye koti jeupe autaje ugonjwa huu kwa jina, niupeleke Kakontwe, niuweke mbele ya yaya. Mganga wa meno aling'oa gego la mwisho. Nilitoka nikitabasamu, uso umekufa ganzi. Kesho yake niliponawa, umeme ulikuwa palepale. Akang'oa la jirani yake. Daktari mmoja alinipa dawa za malaria, mwingine matone ya sikio. Wa tatu aliniambia ni mawazo tu, nipumzike. Nikamwambia apumzike yeye.

Miaka miwili ikapita hivyo. Nilijifunza ujanja. Sokoni nilijifunga kitambaa usoni, watu wakasema mwalimu siku hizi ana majivuno. Nikimwona mtu anakuja na kichwa chake, nilidondosha funguo, nikainama kuziokota mpaka hamu ya salamu imwishe. Nilizidondosha mara nyingi hata mlinzi wa shule, kwa huruma yake, akaniletea kamba nizivae shingoni, nami sikuivaa.

Siku niliyopata jibu sikwenda hospitali kwa ajili ya shavu. Nilikuwa nimechoka kulieleza. Nilikwenda kupima presha, nikaketi kwenye benchi la korido. Mama mmoja wa kwaya yetu akatokea, amefurahi, akanipa kichwa. Kulia tukagusana. Kushoto, funguo zikaanguka. Nilipoinuka, mlango wa daktari ulikuwa wazi, na yule daktari, mwanamke wa miwani, umri wa binti yangu, alikuwa ananitazama mimi, si makaratasi yake.

Nilipoingia hakugusa kipimo cha presha.

"Mama, ile funguo ulitupa kusudi," alisema, akataka sababu. "Juu ya nini?"

Niliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa.

"Upepo inakuumizaka? Na kunawa? Na kutafuna? Inapita mbio, alafu inaisha?"

Kila swali nililijibu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sikuwa nimemwambia lolote, naye alikuwa anatembea ndani ya shavu langu kama mtu aliyekaa humo.

"Upande moja tu?"

"Moja tu, munganga."

Akachukua kipande cha pamba, akanigusa karibu na pua, kidogo tu, kama unavyogusa mtoto aliyelala. Umeme ukapiga, nikaikamata meza yake kwa mikono miwili. Akaiondoa pamba haraka.

"Pole, mama. Nimeiona."

Nimeiona! Nililia pale mezani bila aibu, na haikuwa kwa maumivu. Nilistaajabu kwamba kitu ambacho miaka yote nilikibeba peke yangu kinaweza kuonwa na macho ya mtu mwingine, kupitia salamu na funguo. Akageuza karatasi, akachora mshipa wa fahamu unaotokea karibu na sikio na kugawanyika usoni matawi matatu, akaniandikia jina la ugonjwa. Akasema meno hayakuwa na kosa. Nikayafikiria magego yangu mawili. Niliwahi kumchapa mtoto asiye na kosa, kwa hiyo aibu hiyo naijua.

Dawa aliyoniandikia ni ya kifafa, maana hutuliza pia mshipa huo. Mwenye duka la dawa aliisoma, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani anayeanguka nyumbani. "Ni minye," nilimjibu, "jitenge kidogo." Alijitenga kweli. Daktari alinitaka nianze na kidogo, nirudi kupima damu, na akanituma Lubumbashi kupigwa picha ya kichwa, na huko hawakukuta kibaya.

Siku za kwanza nilitembea nikishika ukuta kama mlevi. Siku ya tano, asubuhi, niliinamia beseni uani nikanawa uso. Maji. Maji matupu. Nikanawa tena, nikasugua. Kisha nikauelekezea upepo shavu la kushoto, nikasubiri. Ulinipita, baridi, wenye harufu ya makaa ya majirani. Mungu wangu, upepo ni kitu kizuri namna hii, nami niliuchukia miaka miwili! Nilisimama pale mpaka nikachelewa shuleni. Daktari amenionya kwamba ugonjwa haujang'olewa, unaweza kurudi, nisiache vidonge. Siachi.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Kakontwe na ile karatasi mkobani. Safari hii yaya alikuwa uani, ameketi mkekani, anachambua maharage. Hakunyanyuka. Alininyooshea mkono, kama unavyompa mgeni.

Nilisahau karatasi. Nilipiga magoti nikampa kichwa, nikaanza na kushoto, jambo ambalo hakuna anayelifanya. Kitambaa chake cha kichwani kilinikwaruza shavu zima. Umeme haukuja. Hakurudi nyuma. Kisha akanishika taya, akanigeuza kwenye mwanga, akatazama pale shavu lilipobonyea.

"Meno yako iko wapi?"

"Walitosha mbili, waling'oa, yaya. Haikukuwa na makosa."

Aliendelea kunishika.

"Na ulikuwa unalilia kwa nani?"

Nilitikisa kichwa: hapakuwa na mtu. Akasogeza sinia la maharage, akanitengea nafasi mkekani, akanipa kichwa upya: kulia, kushoto, kulia.