Kiwiko cha Mkunga

Miaka arobaini ya ukunga, mama hakumwogesha mtoto, wala hakuoga mwenyewe, kabla ya kuchovya kiwiko majini. "Kiganja kimezoea sufuria," alikuwa akisema. "Kiwiko hakidanganyi."

Kiharusi kilipomwacha hawezi hata kuinama, na mgongo wa bintiye ukachoka kumbeba, binti alimleta kwenye nyumba ya wazee. Maneno ya shangazi bado yalimchoma: "Yaani unaenda kumtupa mama yako?" Alisimama mlangoni pa bafu, begi la mama mkononi, asithubutu kuliweka chini. Akiona walakini yoyote, wanarudi wote nyumbani.

Mhudumu alifungulia maji kwenye beseni, akapandisha mkono wa sare, akachovya kiwiko. Akaongeza maji ya baridi, akachovya tena. Kisha akasogeza beseni hadi kwenye kiti cha mama.

"Haya bibi, onja na wewe. Usije ukasema nimekupika."

Mama alichovya kiwiko, akakiacha humo kitambo, akatikisa kichwa kukubali.

Binti alishusha pumzi, kisha akashusha begi. Mama alimwona, akacheka.

"Nenda kapumzike, mwanangu. Kiwiko kingine nimekipata."