Maboksi Yaliyoandikwa Cadeau

Kabla ya vita watu waliniita mvivu. Waasi walipoingia Bukavu na kuweka bariyeri, vizuizi vya askari wao, kila kona, mimi nisiyetoka nyumbani nikaanza kuitwa mwenye akili. Ndicho cheo pekee nilichopata miaka ile.

Yaya, dada yangu mkubwa, ndiye aliyetulisha. Alitengeneza vijisanamu vya majani makavu ya mgomba: mama mwenye kikapu mgongoni, mwanamume kwenye mtumbwi wake. Wanunuzi walikuwa wazungu wa misaada, waliokuja kutuonea huruma na kurudi kwao na kumbukumbu. Sasa muuguzi mmoja wa kituo cha afya cha Mudaka alikuwa anaondoka Jumamosi, naye aliagiza mzigo mzima wa kugawia jamaa zake. Asipoupata kabla ya ndege, kazi ya miezi mitatu ingetubakia sebuleni, na sisi hatuli majani.

Hapo elimu yangu ya sekondari ikaamka. Niliwahi kuona katika gazeti la Kizungu chokoleti ndani ya boksi lenye utepe. Nikamwambia, "Yaya, muzungu hanunui kitu, ananunua boksi." Nilikata kartoni za biskuti za msaada, nikagundisha kwa uji wa muhogo, nikafunga kwa nyuzi za gunia la mchele. Juu ya kila kifuniko nikaandika CADEAU, yaani kado, zawadi kwa Kifaransa, kwa maringo.

Yaya alitazama. "Na kupeleka, utapeleka wewe?"

"Mimi ni fundi, yaya."

Akaenda mwenyewe. Ya bariyeri nayajua kwa kusimuliwa, bila shaka. Askari alisoma kifuniko polepole, kwa kidole.

"Maman, hapa iko imeandikwa nini?"

"Cadeau, chef."

"Ya nani?"

Kwetu kado si zawadi tu. Ndilo neno la askari anayetaka kitu chako bila kuitwa mwizi. Askari hakungoja jibu.

"Basi, tumepokea. Merci mingi!"

Shujaa yule akafungua la kwanza, akakuta majani. La pili, majani. Kwa hasira akamwaga yote barabarani, akabaki na maboksi ya kuwekea sigara. Fundi gani mwingine amesifiwa hivyo?

Yaya aliokota sanamu, akazifunga katika kitenge, akafika Mudaka kwa miguu. Muuguzi alizichukua zote, hata zilizovunjika shingo, na mwenzake anayebaki akaagiza nyingine. Habari ya boksi hakuna aliyeiuliza.

Aliporudi alivua viatu, akanitazama nilivyokaa.

"Papa wa maboksi, mwandiko wako iko muzuri sana. Wiki ijayo andika MAVI YA KUPIMA. Si inaenda kwa waganga? Hakuna chef atafungua."

Nilinuna siku mbili, kama msanii. Siku ya tatu nikakata maboksi mapya, nikaandika. Pale bariyeri askari wakampisha Yaya mbio, na yule mpenda kado akaziba pua.