Kopo Lililobonyea na Harusi ya Mwandishi

Mke wangu ndiye wa kwanza kugundua kwamba nasoma vitabu vya kuchekesha. Kila asubuhi baada ya sala nilikaa kibarazani na Maandiko, na nilipomaliza, kabla chai haijaiva, nilichomoa kitabu kingine kidogo kutoka mfuko wa koti. Siku moja akatoka na birika akanikuta nafuta macho.

"Unalia, Mzee?"

"Nacheka."

"Sura gani hiyo inayochekesha hivyo? Nisomee na mimi."

Nikamwonyesha jalada. Lilikuwa na picha ya mwanamume mwenye tai ndefu anayekimbizwa na bata mzinga. Akaliangalia kwa makini, akanimiminia chai, akavuta kigoda. "Basi nisomee habari za huyo," akasema. Tangu siku hiyo chai yetu ilichelewa kwisha.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tulijikuta tunachagua kati ya sabuni tano, na kuchagua ni kazi ngumu kwa mtu asiyeizoea. Kila mtu Mwanza akawa mkurugenzi. Mwenye friji moja alikuwa na kampuni, na mwenye baiskeli na kreti la soda alikuwa msambazaji. Pale stendi ya Buzuruga mchuuzi alitandaza turubai, akapanga viwembe, kamba za viatu, betri, na pembeni vitabu vidogo vya hadithi vilivyochapwa kwenye viwanda vya uchapaji vya watu binafsi. Wino wake ulibaki vidoleni. Lakini ndani yake nilikutana na watu wote ninaowajua: mkurugenzi wa friji moja, mbunge mtarajiwa, mganga mwenye simu. Nilimshukuru Mungu kwa waandishi wale. Kuna watu waliojaliwa kuhubiri, na kuna waliojaliwa kuona tai imeingia kwenye mchuzi wakati mwenye tai anahutubia. Vipawa vyote viwili natumaini vimetoka mahali pamoja.

Mmoja wa waandishi hao alikuwa jirani yetu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwembamba, aliyepanga chumba juu yetu kidogo kule Mabatini, mahali ambapo nyumba zimekaa juu ya mawe kama mbuzi. Kwenye kwaya yetu aliimba besi. Taipureta yake tuliisikia jioni, na mke wangu alijua kwa mlio wake kama kazi inakwenda au imekwama.

Namna yake ya kuandika sijaiona kwa mtu mwingine. Jumamosi asubuhi alibeba ndoo yake na kurasa za juma lile, akaenda bombani, ambako wanawake na wasichana walisubiri maji kwa muda mrefu. Hapo aliwasomea. Walipocheka, aliweka alama ya vema pembeni. Waliponyamaza, alifuta palepale, hata kama alikuwa amehangaika na sentensi hiyo juma zima. "Bomba halidanganyi, Baba," aliniambia. "Mtu mwenye ndoo tupu hachekei adabu."

Msichana mmoja aliyekaa na shangazi yake mtaani hapo, binti wa wavuvi wa upande wa Mara, ndiye aliyecheka kabla ya wengine wote. Mwandishi wa vichekesho akimpata mtu wa namna hiyo atafanya nini? Alimposa. Nilikuwa miongoni mwa wazee tuliokwenda kwao kuzungumza, na mahari ikapokelewa. Baba wa binti, mtu mzito wa maneno, alisema neno moja tu: "Ndoa ya kanisani. Kama si kanisani, binti yangu haolewi."

Mwezi uleule kitabu chake kikatoka. Kilikuwa na habari za mzee mmoja wa kanisa aliyeamua kuwa tajiri baada ya biashara kufunguliwa. Aliuza dagaa kwa kopo ambalo kitako chake alikigonga kwa nyundo kikaingia ndani, hata kopo likajaa haraka. Jumapili alivaa miwani myeusi ili alale wakati wa mahubiri, na harusini alikwenda na mfuko wa nailoni ndani ya kanzu kwa ajili ya nyama. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu, niseme ukweli, nikarudia ukurasa kwa ukurasa nikijitafuta. Sikujiona. Nikamshukuru Mungu, kisha nikahuzunika kidogo.

"Usijali," mke wangu akasema. "Labda anakutunzia kitabu chako peke yako. Ataanza na zile sala zako ndefu zinazopoza ugali."

Mimi na mwenzangu mmoja ndio tulikuwa wazee wa baraza la kanisa wa siku nyingi zaidi. Mwenzangu huyo alikuwa mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inapopakulia samaki, mtu mkubwa wa kifua, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali. Kitabu kilimfikia mwaloni. Wachukuzi walikuwa wanasomeana wakati wa kupumzika, na yeye alipopita wakanyamaza wote kwa pamoja, halafu mmoja akakohoa. Alikinunua siku hiyo. Jumapili iliyofuata, baada ya ndoa kutangazwa mara ya pili kati ya tatu, alimwendea mchungaji akiwa na kitabu mkononi na kutaka mwalimu atengwe.

Kwetu aliyetengwa hafungishwi ndoa mpaka atubu mbele ya kanisa. Habari hiyo iliwahi kufika kule Mara kwa basi kabla ya juma kwisha, na jibu likarudi kwa basi lilelile: baraza likimtenga kijana, shangazi amfungie binti mizigo yake.

Wakaja wote wawili nyumbani kwangu, mwalimu na mchumba wake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaeni."

Mwalimu hakukaa. "Baba, nitatubu. Nitasimama mbele ya watu niseme kitabu ni upuuzi. Nitavikusanya vyote nivichome."

Binti ndiye aliyejibu, akitazama chini kwa heshima lakini kwa sauti inayosikika. "Akichoma, na mimi narudi kwetu kwa miguu yangu. Baba, nisamehe. Nilimpenda kwa sababu ya kitabu hiki. Nilimwona anafuta mistari pale bombani bila kutukasirikia. Sasa akane yale tuliyoyacheka?"

"Umesikia, Baba?" mwalimu akasema. "Nikitubu namkosa, nisipotubu namkosa."

"Hiyo ingekuwa sura nzuri," mke wangu akasema kutoka jikoni.

Niliwaombea. Niliomba kwa urefu, nakumbuka, maana chai ilipoa. Nikamwomba Mungu anipe la kusema kwenye kikao, kwa sababu mpaka hapo sikuwa nalo.

Kikao kilikaa baada ya ibada, katika chumba kilicho nyuma ya madhabahu. Mwalimu aliambiwa asubiri nje, akakaa juu ya jiwe. Mchungaji akafungua kwa sala, akamgeukia mzee wa dagaa.

"Mzee wetu, lalamiko lako ni nini?"

"Ameniandika mimi humu."

"Jina lako limo?"

"Jina halimo. Lakini kila mtu anajua ni mimi."

"Wanajuaje?"

"Si kwa lile kopo! Kopo lililogongwa kitako kwa nyundo, mnunuzi aone limejaa kumbe..."

Akajiziba mdomo. Nje tukasikia kuku.

Karani mstaafu wa bandari, mzee mwenzetu mpole, akaona amwokoe. "Jamani, si yeye peke yake aliyetukanwa. Hata miwani ile ya kulalia kwenye mahubiri, hiyo ni yangu mimi."

Mchungaji akamgeukia. "Kumbe," akasema. "Mzee, mimi nilidhani macho yanakuuma. Nimekuombea macho hayo kila juma."

Mama aliyewakilisha wanawake kwenye baraza akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Na mfuko wa nyama ni wangu," akasema, "na sikatai. Nina wajukuu tisa. Mwalimu angeniuliza, ningemwambia kwamba hubeba miwili."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya waandishi wale. Mtu hawezi kushtaki kwamba kachorwa yeye bila kwanza kuonyesha kwamba picha inafanana. Tena mwandishi anaokota kiraka hapa na kiraka pale, akashona vazi moja, na watu watatu wanagombea nani anaenea ndani yake.

Tukacheka wote, na mchungaji naye, isipokuwa mzee wa dagaa. Alikuwa ameinamia mikono yake.

"Chekeni," akasema taratibu. "Lakini nyinyi mtaondoka hapa mkaendelee na mambo yenu. Mimi kesho naamkia mwaloni, na watoto wadogo wananiita Kopo. Mabati haya yaliyo juu ya vichwa vyenu, nani alihangaika yakapatikana? Hilo mwalimu hakuliandika."

Kicheko kikaisha. Alikuwa amesema kweli, na sote tulijua. Kama tungemwachia hasira ile, angemtenga mwalimu moyoni hata kama baraza lisingemtenga, na watu wake kanisani wangemfuata. Ndipo nikapata la kusema, na halikutoka mahali nilipolitarajia.

Nikawakumbusha ngoma. Nilipokuwa mdogo, kabla baba yangu hajapokea neno la Mungu, alinipeleka kutazama mashindano karibu na Bujora. Makundi mawili yalicheza uwanjani, na manju wa kila upande, yaani mtunzi wa nyimbo, aliwaimba watu wa upande wa pili: ng'ombe wake aliyekonda, nyumba yake inayovuja, mke wake anayemfokea. Mwaka huo manju alimwimba baba yangu. Baba alikuwa amenunua baiskeli asiyojua kuiendesha, akaikokota kila aendako kama ndama. Watu walianguka kwa kicheko. Mimi nililia. Baba hakutoka uwanjani, wala hakumshika mtu koo, kwa sababu wote walijua anayeondoka kwa hasira ndiye aliyeshindwa. Wala hakuna aliyemwambia asamehe. Walimwambia ajibu. Mavuno yaliyofuata alirudi na wimbo wake kuhusu masikio ya yule manju, na mpaka leo pale kwetu watu wakubwa wanaujua.

"Mwenzetu ameimbwa," nikasema. "Tumpe uwanja."

Mzee wa dagaa akainua uso. "Uwanja upi?"

"Karamu ya harusi. Useme wewe kabla ya wengine wote."

"Niseme nitakalo?"

"Utakalo. La kweli tu."

"Na yeye?"

"Atakaa kimya, bibi harusi pembeni yake, wakwe mbele yake."

Akafikiri. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi niliona meno yake. "Mchungaji," akasema, "tangaza ndoa mara ya tatu."

Nilipomweleza mwalimu pale kwenye jiwe, alishika kichwa. "Baba, si heri mngenitenga?"

Wakwe walikuja kwa lori kutoka Mara, na samaki sato wengi kiasi kwamba mama wa mifuko ya nailoni aliniangalia akatabasamu. Ndoa ikafungwa. Kwenye karamu, mshereheshaji akamwita mzee wa dagaa. Alikuja mbele na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Baba wa bibi harusi, aliyekwisha kusikia habari zote, alikaza shingo.

"Wakwe zetu," mzee akaanza, kwa sauti ile ya kuita mtumbwi, "mmempata kijana msomi. Ana macho makali. Ameona kopo langu akiwa mbali. Lakini mimi niko naye kwenye kwaya miaka mingi, na nawaambia, besi yake mwenyewe hajawahi kuiona. Anafungua mdomo tu. Sauti ni ya yule aliye nyuma yake."

Watu wakapiga kelele. Aliye nyuma yake akasimama akainama.

"Suruali yake ya harusi ameazima, na mwenye suruali yuko hapa anaiangalia isimwagiwe mchuzi." Kelele tena. Mwalimu alikuwa amefunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika. Mzee akafungua gazeti. Lilikuwa kopo lenyewe, limebonyea kitako, linang'aa kwa kusuguliwa. Akalipeleka kwa bibi harusi kwa mikono miwili.

"Binti yangu, mimi nimenunua jingine, zima. Hili nakupa wewe. Kila jioni mpimie mumeo unga kwa kopo hili, mpaka siku atakapoandika pia nani alileta mabati."

Sijasikia kicheko kama kile tangu nizaliwe. Baba wa bibi harusi, yule mtu mzito wa maneno, alicheka bila sauti, machozi yakimtiririka, akainuka akamkumbatia mzee wa dagaa. Mwalimu akaja mbele, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, Baba. Nimeshindwa." Mzee akamwinua kwa kwapa kama mtoto. "Wabeja," akamjibu kwa Kisukuma, asante, na wakabaki wameshikana.

Kisha nikaitwa mimi, kuombea chakula.

Nilisimama. Nilikuwa na mengi ya kumshukuru Mungu: ndoa, amani, mvua, samaki, waandishi. Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Niliinua mikono, watu wakainamisha vichwa, mvuke ukapanda kutoka kwenye masinia. Kabla sijafumba macho nikamwona bwana harusi. Alikuwa ameinamisha kichwa kama wengine, lakini jicho moja lilikuwa wazi, linaangalia ugali, kisha mimi, kisha ugali.

Sijapata kuomba sala fupi kama ile. Mke wangu alisema Amina kabla ya watu wote.