Mgeni wa Mpaka Jumapili

Harufu ya ugoro inanikera mpaka leo. Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri kupimiwa unga wa muhogo sokoni hapa Tabora, bibi mmoja mbele yangu akatoa kikopo chake, akagonga kifuniko kwa kidole, akafungua. Ikapanda ile harufu kali ya tumbaku iliyosagwa pamoja na magadi, na kabla sijajua kwa nini, nilikuwa nimekunja uso na kushika kiuno kama mtoto aliyenyang'anywa kitu chake. Bibi wa watu akanitazama kwa mshangao. Nikamwamkia harakaharaka, akaitikia marahaba, nikageukia pembeni kwa aibu. Yeye hakuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa bibi mwingine, na nilichonyang'anywa kilikuwa kitanda.

Ngoja niwasimulie, maana ninyi hamkulala chini karibu mwaka mzima.

Tulikuwa tunakaa Itetemia, pembezoni mwa mji, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma yenye vyumba viwili na sebule. Baba alikuwa fundi baiskeli. Mama alilima, alifuga kuku, na zaidi ya hayo alikuwa Mkristo wa kupitiliza, angalau ndivyo nilivyomwona mimi. Nilikuwa nasoma mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na kila jioni Mama alinisikiliza nikitaja matendo ya huruma: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwakaribisha wageni. Nilikuwa nimeyakariri yote. Sikujua kwamba yanaweza kuja nyumbani kwa miguu yake, yakiwa na fimbo na kifurushi.

Siku moja ya Agosti, vumbi limetanda kila mahali, Mama alikwenda stesheni kumsindikiza shangazi yangu. Akarudi na bibi kizee. Bibi huyo alikuwa ametoka Tura kwa treni ya jana yake, kwa sababu mwanawe aliyekuwa kibarua mjini alikuwa amemwita aje wakae pamoja, akamwahidi kumpokea. Mwana hakutokea. Abiria wengine walishuka, wakapokelewa, wakaenda zao. Yeye akakaa juu ya kifurushi chake, akalala palepale, na Mama alipomkuta asubuhi bado alikuwa anasubiri huku akiwasonya wapita njia. Mama alituambia anaitwa Bibi Skola na atakuwa nasi mpaka Jumapili. Jumapili litasomwa tangazo kanisani, mwanawe atapatikana. Mimi nimpishe kitandani. Mpaka Jumapili tu, Vero, alisema.

Nikahamia kwenye mkeka sebuleni pamoja na mdogo wangu Deo, ambaye wakati huo bado alikuwa anakojoa usingizini.

Jumapili ikaja, tangazo likasomwa, hakuna aliyejitokeza. Baba akazunguka mji na baiskeli akiuliza huku na huku. Aliporudi alisema kijana amekwenda Sikonge kulima tumbaku kwa tajiri ambaye hakuna anayemjua, na vibarua wa tumbaku hawarudi mpaka msimu uishe na tumbaku iuzwe. Nilijaribu kuhesabu miezi kwa vidole. Vidole vya mkono mmoja vilipokwisha, nikalia.

Mgeni wa kawaida huona haya kidogo. Bibi Skola haya hizo hakuwa nazo. Uji wetu, alisema, una mabonge. Mlenda wetu hauvutiki. Karanga tunazotia kwenye michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, hazikukaangwa zikaiva. Alitaka nimwamkie kwa magoti kila asubuhi, mwangaluka Bibi, na kama goti halikugusa sakafu alinirudisha mlangoni nianze upya. Alipiga chafya za ugoro hadi kuku wakatawanyika uani. Kabla jogoo hajawika alikuwa anasali kwa sauti, Kinyamwezi na Kiswahili mchanganyiko, na katika sala hizo hakumsahau mtu: Mungu amsaidie mama wa nyumba hii ajifunze kukoroga, ampunguzie baba maneno, amwondolee huyu msichana uvivu. Tulikuwa tunasikia kila neno, na alijua kwamba tunasikia. Ahsante ndilo neno pekee ambalo hatukulisikia.

Baba alijaribu kuchukulia kwa utani. Alisema njia ya zamani ya misafara ilipita jirani na kwetu, na babu zake walikuwa wapagazi waliobeba pembe za ndovu mpaka pwani, lakini hata wao waliruhusiwa kutua mzigo jioni. Siku nyingine akakumbuka kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akamletea Bibi jembe huku akicheka. Bibi akalipokea, akalitikisa, akamrudishia. Mpini umelegea, alisema, fundi gani huyu. Baba hakumtania tena.

Ikaingia Oktoba, mwezi wa Rozari. Katika jumuiya yetu, kama katika jumuiya nyingi, mwezi huo sanamu ya Mama Maria huhamishwa nyumba hadi nyumba. Jioni watu husali pale ilipo, kisha huibeba kwa nyimbo na mishumaa mpaka nyumba inayofuata, ikalale huko. Mwenyekiti wetu, Mzee Lukas, alikuwa mtu mwema aliyependa kila jambo liwe na utaratibu. Baada ya sala ya kwanza, iliyofanyika nyumbani kwetu, akasimama akasema kwamba amepata wazo. Kwa nini familia moja ichukue baraka peke yake? Bibi Skola naye azunguke. Anapolala Mama Maria, na Bibi alale hapohapo, na Oktoba ikiisha Bibi aendelee na mzunguko wake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto.

Jioni ile tulikuwa wasichana wawili tuliobeba sanamu, na nawaambieni, sijawahi kuimba vile maishani mwangu. Nyuma yetu alikuja Bibi na fimbo yake, akilalamika kwamba tunakimbia. Nikalala kitandani kwangu. Kilinuka ugoro, lakini kilikuwa changu.

Nyumba ya kwanza walimvumilia. Ya pili walimvumilia kwa taabu, maana aliwaambia sebule yao inanuka mbuzi. Ya tatu ilikuwa ya Mama Felista, kiongozi wa kwaya, mwenye nyumba kubwa kuliko zetu zote, yenye vyumba ambavyo havikuwa na wa kulala ndani. Mama Felista aliipokea sanamu kwa vigelegele, akaiweka juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, maua huku na huku. Kisha akatoka barazani, akasema kwa sauti ya upole sana kwamba kwa upande wa Bibi, bahati mbaya, anategemea wageni kutoka Nzega.

Mzee Lukas akatazama viatu vyake. Wengine wakaona ghafla kwamba mishumaa yao inahitaji kulindwa na upepo, ingawa upepo haukuwepo. Bibi Skola alikuwa ameelewa kabla yetu sote. Alitua kifurushi chake katikati ya ua, akakaa juu yake, akaanza kusubiri.

Nami nikasali. Nilimwomba Mama Maria, aliyekuwa pale ndani na maua yake, amfumbe mama yangu mdomo. Jambo nililotaka lilikuwa dogo tu, mtu mwingine yeyote aseme neno kabla yake. Hakuna aliyesema. Mama akashusha pumzi kama mtu anayejiandaa kujitwika ndoo, akainama, akachukua kifurushi. Haya Bibi, alisema, twende nyumbani. Njia nzima Bibi alimwambia kwamba anatembea mbiombio kama mwizi.

Kesho yake Itetemia nzima ikapata wageni. Nyumba iliyofuata ilikuwa inawangoja watu wa Igunga, iliyofuata tena ina mgonjwa kutoka Urambo, na nyingine watoto wana kikohozi cha kuambukiza. Utaratibu wa Mzee Lukas ukaishia hapo. Sanamu iliendelea na safari yake, na Bibi aliendelea na kitanda changu.

Lakini kilichonichosha zaidi hakikuwa wageni wao wa uongo. Zilikuwa sifa. Kila Jumapili baada ya misa walimzunguka Mama wakimwambia ana moyo wa pekee, ana karama ya kupokea wageni, wao wasingeweza. Nimejifunza kuliogopa neno hilo karama. Mara nyingi maana yake ni kwamba mzigo umeshapata mwenyewe, tusisumbuane. Wakati ule, hata hivyo, niliwaamini. Niliamini Mama anampenda Bibi Skola kwa upendo fulani wa watakatifu ambao sisi wengine hatukujaliwa, na kwamba upendo huo ndio ulionilaza sakafuni.

Kwaresima ilipofika, alikuja padri mgeni kutuongozea mafungo. Alihubiri juu ya kutoa kwa furaha na kufanywa upya moyoni, watu wakalia, Mama akalia kuliko wote. Alirudi nyumbani uso unang'aa. Aliimba akimenya viazi. Alimkumbatia Bibi, na Bibi akamuuliza kama ana homa. Upya ule ulidumu mpaka Jumanne. Jumanne asubuhi Bibi aliurudisha uji, bakuli zima, kwa sababu ya bonge moja.

Mama alipokea bakuli, akatoka nalo hadi jikoni uani. Nikamfuata. Nilimkuta anachekecha unga upya, akilipiga chekecheo kwa kiganja kana kwamba limemkosea, machozi ya hasira yakimtiririka. Nikaona leo ndiyo leo. Nikamwambia amrudishe stesheni alikomtoa. Nikamwambia ni yeye peke yake anayempenda, sisi hatumpendi, na haikuwa haki tuteseke kwa sababu ya upendo wake.

Mama akalisimamisha chekecheo.

"Nani kakwambia nampenda?"

Nikamtazama usoni kuona kama anatania.

"Simpendi, Vero. Ananichosha mimi kuliko anavyokuchosha wewe. Nimekwenda mafungo nikamwomba Mungu anipe upendo, naona bado hajanipa. Unga kanipa. Basi nampikia."

Akafuta uso kwa upindo wa kanga, akaendelea kuchekecha. Uji wa pili haukuwa na bonge hata moja. Bibi alisema ni mwepesi.

Siwezi kuwaeleza jinsi maneno yale yalivyonivuruga. Ningemwelewa kama angempenda. Ningemwelewa kama angemfukuza. Lakini kumchukia mtu uji unapochemka na kumpelekea ukiwa bado wa moto, kila siku, asubuhi na jioni, niliona huo ni unafiki wa wazi, na nilifikiria kwa siku kadhaa kama nimuulize katekista. Sikumuuliza. Niliendelea kupiga magoti mlangoni na kulala kwenye mkeka, sasa nikiwa na kinyongo na watu wawili badala ya mmoja.

Tumbaku ikauzwa hatimaye. Jumamosi moja mchana kijana mrefu aliingia uani kwetu akisukuma baiskeli mpya, shati jipya, mkate chini ya kwapa. Alikuwa ameulizia stesheni, wakamwelekeza kanisani, wa kanisani wakamleta kwetu. Alipomwona mama yake aliangusha baiskeli, akamkumbatia, akalia kwa sauti. Alisema hana mtu mwingine duniani. Baba alipomuuliza ilikuwaje, akasema alipitiwa. Alipata kazi ghafla, lori la vibarua likawa linaondoka, akakusudia kutuma mtu stesheni, akapitiwa. Alilisema kama anayeeleza jinsi alivyosahau mwavuli. Namkumbuka Baba akiinama na kuisimamisha ile baiskeli iliyoanguka.

Majirani walikuja kuaga. Mama Felista naye alikuja, akasema atam-miss sana Bibi wetu, kwa lile neno la mjini. Bibi Skola alifunga kifurushi chake, akamwambia mwanawe amekonda, akasimama karibu na kiti cha nyuma cha baiskeli. Mama akaenda mbele yake akapiga magoti kumuaga, kama inavyompasa mtu kumuaga mkubwa wake. Bibi akaegemea fimbo, akamwinamia.

"Hukunipenda," alisema.

Watu walikuwa wengi pale uani. Mama angeweza kukana, na kila mtu angemsaidia kukana.

"Kweli, Bibi," alisema. "Nilishindwa."

"Nilijua tangu uji wa kwanza." Bibi akamgusa mwanawe begani kwa ncha ya fimbo. "Huyu ndiye anayenipenda. Akaniacha stesheni."

Akapandishwa kwenye baiskeli, fimbo mapajani, wakashika barabara ya mjini, wala hakugeuka. Mama alibaki amepiga magoti kwenye vumbi mpaka Baba akamuuliza kama goti linamuuma.

Mimi nilikuwa nimefura kwa hasira. Nilikwenda moja kwa moja chumbani, nikakokota godoro hadi juani, nikalipiga kwa fimbo nikimwambia Deo kwamba yule bibi ametutukana hata siku ya mwisho, tena mbele ya watu, baada ya kula vyetu karibu mwaka mzima.

Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo juu ya kutoa kwa furaha, na sina ugomvi nayo, wenye furaha na watoe. Ila nimekua, nimeuguza watu ambao sikuwapenda, na nimewahi kusahauliwa kabisa na watu walionipenda kweli. Ndipo nilipotambua kwamba Jumamosi ile, pale uani, mama yangu alikuwa ameshukuriwa.