Uso wa Dalali

Watu wakijua kwamba yule mwigizaji wa filamu ni kaka yangu, huja dukani kwangu na maswali, wala kitambaa hawanunui. Wanataka kujua kama kweli aliumia mguu katika ile filamu ya vita, kama ameoa, kama anakula tunachokula sisi. Nawajibu kwamba anakula kutuzidi. Lakini siwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na swali langu la miaka mingi: ule uso aliutoa wapi?

Maana kaka amepata jina kwa uso. Waigizaji wengine hulia, hupiga kelele, hugaragara chini. Yeye anakaa tu, uso umetulia kama maji ya mtungi, na wewe mtazamaji unajikuta unatafuta leso. Alianzia kwenye michezo ya kuigiza shuleni, akaenda Nairobi kubeba taa na nyaya za watengeneza filamu, siku moja akapewa nafasi ya askari asiyesema neno, na baada ya hapo kazi ikawa inamfuata yeye. Siku hizi picha yake imebandikwa hata kwenye duka la kinyozi mmoja hapa Isiolo mjini, ingawa kaka ana upara.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumtazama, naye ni baba yetu. Baba alikuwa dalali katika soko la mifugo tangu ujana wake, na kwake kuigiza ni kusema uongo kwa malipo. Hakumfukuza kaka wala hakumlaani. Kaka akija nyumbani wanasalimiana, wanakunywa chai, wanaongea habari ya mvua ya Garbatulla. Filamu haitajwi. Na kaka, anayepigiwa makofi na watu asiowajua, jambo hilo lilikuwa linamuuma sana. Mwaka huu alipokuja baada ya Ramadhani aliniambia waziwazi.

"Nataka Aabo aone kazi yangu mara moja tu, kabla macho haijakwisha. Akisema ni mbaya, ni sawa."

Macho ya baba yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kuchezea. Alasiri, baada ya swala, nikawasha televisheni na kuweka filamu mpya ya kaka. Baba akageuza kiti chake, akatupa kisogo. Ila hakutoka chumbani. Chai nilikuwa nimeiweka upande wetu, makusudi kabisa.

Katika filamu hiyo kaka ni mfugaji ambaye mtoto wake ametekwa na majambazi, naye anakwenda kujadiliana nao. Wanamtukana, wanamtishia, yeye uso hauchezi. Kisha anamshika mkono kiongozi wao, na mazungumzo yanahamia kwenye vidole, kama sokoni kwetu. Hapa madalali wengine hawatangazi bei. Wanashikana mikono chini ya shuka, vidole ndivyo vinavyosema, na waliowazunguka wasiambulie kitu. Kazi ya uso ni kutotoa habari. Mwenzako akikukamata kiganja chote akakibana, maneno yamekwisha, amekubali. Mimi kama msichana sikuruhusiwa kukaa na madalali, lakini kaka alienda na baba sokoni kila likizo, na jioni nilimsumbua mpaka akanifundisha.

Basi hapo hapo baba akageuka kuchukua chai. Kikombe kikabaki hewani.

"Huyo ni nani?"

"Ni mtoto yako, Aabo," nikasema.

"Hapana. Hiyo shingo ni yangu. Hiyo macho ni yangu."

Nikatazama upya. Shingo imeinama kidogo kushoto, kope zimeshuka nusu, midomo imefungwa bila kukazwa. Alikuwa baba mwenyewe, baba wa sokoni, na mimi na udadisi wangu wote sikuwahi kumwona! Niliona furaha, na wivu kidogo pia.

Baba akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Halafu akakunja uso.

"Shuka iko wapi? Mkono iko wazi. Dunia yote inaona."

"Mwongozaji alikataa shuka," kaka akasema. "Alisema watu ya mbali hawataelewa kama hawaoni vidole."

"Kwa hivyo umeuza siri ya soko."

Kaka, mtu aliyezoea kamera za kila aina, akainama karibu na baba na kuonyesha kioo kwa kidole. "Angalia tena, Aabo. Angalia vidole peke yake."

Nikarudisha kipande kile. Baba akatazama, midomo yake ikisoma vidole kimya kimya. Akaniashiria nirudishe tena. Mara mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko.

"Hii ni takataka! Na hii vidole huwezi nunua hata kuku!"

"Nilichanganya yote," kaka akasema. "Hakuna mtu atasoma kitu hapo. Ya kweli ni ya soko."

Baba aliacha kucheka. Akavua shuka begani, akaitandaza juu ya mkono wake wa kulia na kuunyoosha. Kaka akapiga magoti mbele ya kiti, akaingiza mkono wake chini ya shuka. Filamu ilikuwa inaendelea na hakuna aliyekuwa akiitazama. Uso wa baba haukusema chochote. Lakini nilikuwa nimekaa karibu, na niliona kitambaa kikikazika juu ya mikono yao. Kilikuwa kiganja chote, na kilibanwa.

Ule uso unaojulikana katika majumba ya sinema ulianza kutetemeka kwenye midomo, kisha ukavunjika wote. Kaka alilia kwa sauti, kamasi na kila kitu, mbele yangu.

"Aabo, amekubaliwa?" nikauliza, ingawa nilijua. Nilitaka kusikia.

"Wewe maswali yako haiishi?" baba akasema, bila kuuachia mkono. "Rudisha filamu mwanzo. Hapo mbele yote sijaona."