Gauni Limeishia Wapi

Siku ile nitaikumbuka mpaka nizeeke, mwanangu, kwa sababu ulikuwa mgongoni mwangu na hukulia hata kidogo, ila mimi ndiye niliyetaka kulia.

Najua wapo watakaosema: huyu mama wa juzi tu, nasaha za nini? Nasaha ni za wenye mvi. Waache waseme. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, wala haulizwi umri. Nakuandikia sasa, hasira ikiwa bado ya moto, ili ukikua uikute.

Nilipokuwa sekondari, Morogoro, mwalimu wetu wa fasihi alipenda hadithi za kisasa, zile ambazo mwandishi hakwambii nani mwema nani mbaya. Anamvalisha mtu koti lililopauka, au viatu vipya siku ya msiba, kisha anakuachia mwenyewe. "Someni nguo," mwalimu alikuwa akituambia. "Nguo nayo inasema." Nilimwamini, na bado namwamini. Ila hakutuambia kwamba duniani kuna wasomaji wabovu.

Nilikuwa na gauni moja zuri, jekundu lenye maua meupe, alilonishonea marehemu babu yako nilipomaliza kidato cha nne. Lilishuka hadi katikati ya muundi. Ulipozaliwa, hapa kijijini kwetu njia ya Mikumi, duka la ushirika lilikuwa na chumvi na mafuta ya taa. Kitambaa hakuna. Baba yako, ambaye kazi yake ni ya reli, alitafuta hata Kilosa mjini akarudi mikono mitupu. Arobaini yako ilikuwa inakaribia, na kwa bibi yako mzaa baba, mtoto hatolewi nje na matambara, labda bibi mwenyewe awe amekufa. Basi tukaketi mkekani, mimi na yeye, tukalikata gauni langu pindo, shibiri nzima na zaidi. Yeye kashika mkasi, mimi nimeshika sindano. Ukatoka nje umependeza, kila mtu anataka kukubeba. Na gauni langu likaishia juu ya magoti.

Haukupita mwezi, kijiji kikaitisha mkutano mbele ya ghala la pamba, kumchagua mwalimu wa darasa la watu wazima. Aliyemaliza sekondari pale nilikuwa mimi peke yangu, na kazi ile niliitaka, mwanangu, niliitaka mpaka usingizi ukaniruka. Nikavaa gauni langu. Khanga yangu nzuri ilikuwa imekubeba wewe.

Siku zile ndizo za kukagua mavazi. Vijana wa chama walisimama njiani. Gauni fupi wanalirudisha nyumbani, na suruali ya kubana wanaitumbukizia chupa ya soda kiunoni, isipotokea kwenye kifundo cha mguu, ole wako. Katibu wao hapa kwetu alikuwa kijana mwembamba, sauti kubwa. Niliposimama nikawaamkia wazee shikamoo, hakuningoja niendelee.

"Ndugu Mwenyekiti, huyu ndiye awafundishe mama zetu? Hebu tuulize kwanza: dada, gauni limeishia wapi?"

Watu wakacheka.

"Limepanda basi la Iringa!" akadakia mwingine nyuma.

"Mwacheni, ni msomi," akasema mwanamke mmoja niliyemjua vizuri, aliyekuwa akija kwangu kuomba chumvi. "Kwao Morogoro magoti yanapigwa jua kama mihogo."

Hapo wanawake ndio waliocheka zaidi, na hilo liliniuma kuliko maneno ya yule katibu. Mwenyekiti, mzee wa watu, akawa anatazama chini. Nilikuwa nayo maneno, yamejaa mpaka kooni, nisiyatoe. Nilijiambia sitamweleza mtu mzima mambo ya nyumbani kwangu. Nikasimama tu kama gogo.

Ndipo bibi yako alipoinuka. Alikuwa na kaniki yake ya shamba, nyeusi, tope bado pindoni. Akaja polepole hadi mbele, akamtazama katibu.

"Mbona hujaniamkia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeuliza gauni limeishia wapi?"

"Ndiyo, mama."

Akazunguka nyuma yangu, akalegeza fundo la khanga, akakutoa mgongoni, akakuinua juu watu wote wakuone na kigauni chako, chekundu chenye maua meupe.

"Limeishia hapa. Mkasi niliushika mimi. Kama ni uhuni, mhuni ni mimi."

Wewe ukapiga chafya. Bibi yako akakupokeza kwangu, akamgeukia tena katibu, akamshusha na kumpandisha kwa macho.

"Na wewe baba, hiyo suruali naona inapumua kwa shida. Mleteeni chupa yake!"

Mwanangu, ghala lile almanusura lianguke kwa vicheko. Hata mwenyekiti alifuta machozi. Kazi nikapewa. Nikapewa pia sharti, kwamba darasani nifunge khanga juu ya gauni. Nilifungua mdomo nikatae, bibi yako akanikanyaga mguu.

Njiani nikadhani atanipoza. Wapi!

"Na wewe, nani alikufunga mdomo?"

"Mama, nilikuwa na hasira."

"Hasira ndiyo mdomo? Umesoma mpaka Morogoro, kusema 'nilimkatia mwanangu' kunakushinda?"

"Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mshindo gani? Mimi niliousikia ni wa wale wakikucheka." Tukaenda hatua chache, kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama Zaina, leo nilikuwapo. Siku nyingine sitakuwapo."

Nililia hapo, barabarani, mchana kweupe. Akaningoja nimalize.

Sharti lile linanichoma hadi leo, sikufichi. Khanga naifunga, kwa sababu nilitaka kufundisha kuliko nilivyotaka kushinda. Na yule jirani wa mihogo anakaa mstari wa mbele, sasa anaandika jina lake. Lakini sikukubali kwamba walikuwa na haki.

Basi shika haya. Ukimwona mtu amevaa usivyopenda, usikimbilie kumsoma kama katibu, aliyeona goti moja akafunga kitabu. Kifungue. Muulize. Huenda nusu ya nguo yake imemvika mwingine. Na wewe ukisomwa vibaya, sema. Wahenga walisema hasira hasara. Mimi naongeza kwamba hasara yenyewe ni ile hasira unayokaa nayo mdomoni kama jiwe. Na ukimwona mwanamke mwenzio anachekwa, usicheke. Inuka, hata kama umetoka shamba na tope.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe mdomo usioogopa na sikio linalosubiri. Akupe nguo ya kujisitiri, na palipopungua nguo, akupe watu wa kukusitiri, kama alivyonipa mimi bibi yako. Amina.