Risasi Zimepata Nyumba Nzuri Kuliko Yetu

Ndugu zangu, leo nimejua kwamba risasi inaishi vizuri kuliko mimi.

Patron mwenye nyumba yetu hapa Umbilo, Durban, ni mwindaji. Ameamua kibanda cha bati cha nyuma kiwe atelier yake, karakana ya kujaza upya maganda ya risasi.

Na fundi ni nani? Mimi mpangaji, niliyekimbia risasi kutoka Bukavu. Kazi ya ndoto!

Nimefunga plafon chini ya bati, nimejaza sufi ya kuzuia joto ukutani, nimeweka hata mashine ya kupoza hewa.

"Baruti haivumilii joto la Durban," patron akanieleza kwa huruma.

Bibi yangu, Mama Neema, alikuwa ananyonyesha mlangoni pa chumba chetu. Bati tupu, jirani na hicho kibanda.

"Patron, na mtoto anavumilia?"

Eish, patron akaanza kukagua plafon!

Bibi hakungoja jibu. Akabeba godoro, akaingia kibandani, akamlaza mtoto. Mtoto akasinzia palepale.

Patron alisimama na mkebe wa baruti mkononi, uso mwekundu. Mwishowe akasema, "Sharp, sawa. Kaeni." Akarudi na mkebe kwake.

Nilipotoka kuja hapa cyber kuwaandikia, madame wake alikuwa anafoka: "Baruti? Jikoni kwangu?"

Semeni, nimwonee huruma patron?